Usilipe hicho kianzio, nunua beseni kwanza

Usilipe. Kama umeshawaahidi wauza roboti kuwatumia hela ya kianzio Ijumaa, wapigie leo uwaambie umeghairi. Swali lako nimelisoma mara mbili: una kituo cha watoto wa miaka 4 hadi 6 pale Masasi, unataka ukope milioni tatu na nusu kikoba ununue seti ya roboti na vishikwambi, kituo kijulikane kwa sayansi na teknolojia. Unauliza seti ipi ni nzuri, mwalimu apate mafunzo wapi, ratiba ipangwe vipi, ada ipande kiasi gani. Mdogo wangu, nimesoma huku moyo unanidunda, maana maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe hapa Mikindani mwaka 2021.

Nilitoa shilingi 2,850,000 kwa seti kama hiyo. Hela ya korosho, imetoka mnadani haijakaa hata wiki, na mume wangu alishaipangia bati za nyumba. Alikuja bwana mmoja kutoka Dar na kompyuta yake, akatukusanya wenye vituo ukumbini, akatuonyesha video za watoto wa Ulaya wanaendesha vigari vya roboti. Akasema mtoto asiyeshika roboti kabla ya darasa la kwanza ameshaachwa. Neno "ameshaachwa" ndilo lililonimaliza. Sisi watu wa Kusini tumeachwa sana. Tumelala njiani kwenye matope ya Kibiti kwenda Lindi kabla lami haijafika, nani atakubali na mtoto naye aachwe? Yule bwana alikijua kidonda chetu kilipo, akakitia chumvi, akatuuzia kama dawa. Mpaka leo sijamsamehe, na simu zangu alikoma kupokea siku kigari cha kwanza kilipokwama kwa mchanga.

Sasa sikiliza kilichotokea darasani, maana hela ni kidogo kuliko hiki. Watoto walikuwa 34, roboti mbili. Piga hesabu. Kila mtoto alipata dakika mbili, tena mkono wangu ukiwa juu ya mkono wake. "Taratibu! Usiguse hapo! Utavunja!" Katika somo langu la sayansi neno lililosikika kuliko yote lilikuwa "usiguse". Kipindi kikiisha, roboti kabatini, kufuli. Muda uliobaki tukawa tunaimba mabango ya ukutani yaliyokuja na seti: "Chuma kinazama, mbao inaelea." Siku ya wazazi waliimba vizuri mno, wazazi wakapiga vigelegele, na mimi nikatokwa na machozi ya furaha.

Wiki hiyohiyo mtoto mmoja wa mvuvi, miaka 5, alinyoosha kidole. "Mwalimu, mbona meli ya bandarini ni ya chuma na haizami?"

Nikamjibu, "Meli ina injini. Kaa."

Hakukaa. "Ikizimwa je?"

Meli zinazokuja Mtwara kubeba korosho anaziona zimetia nanga, injini kimya, zinaelea. Mtoto aliniuliza swali la kweli la sayansi kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na mimi nikamwambia asivuruge somo. Alikaa. Mpaka anakwenda darasa la kwanza hakunyoosha kidole tena. Bati tuliezeka baadaye. Kile kidole sikuweza kukirudisha, na kila nikimwona pwani na baba yake naumia upya.

Vishikwambi vilipokufa betri nikachukua beseni la kufulia, maji yasiyozidi kiganja, na makopo mawili ya nyanya, yale madogo. Kingo nilizigonga kwa nyundo zisikate. Kopo moja nikaliacha wazi, la pili nikalipondaponda na kulikunja mpaka likawa kama bonge. Kabla sijatia majini nikauliza: lipi litazama? Kila mtoto aseme, na aseme kwa nini. Wengi walisema yote mawili, kwa sababu ni bati. Bonge likazama. Kopo likaelea, ila likalala upande na kuanza kunywa maji. Binti mmoja akainuka bila kutumwa, akaleta mchanga, akatia kidogo chini ya kopo, likasimama wima. Nikamuuliza umejuaje. "Babu anatia mawe kwenye jahazi." Farumi, ule uzito wa chini unaotuliza chombo! Mtoto wa miaka 5 ameleta uhandisi wa babu yake darasani, na sikumfundisha mimi. Bati ni lilelile, umbo ndilo limebadilika: kopo lililo wazi linasukuma maji mengi pembeni, na maji nayo yanalibeba. Hilo nililieleza mwisho kabisa, kwa maneno machache, baada ya wao kubishana nusu saa.

Ndiyo maana nakwambia beseni kwanza. Usinunue kitu chochote ambacho utaogopa mtoto akikishika peke yake. Na usimpe jibu kabla hajabashiri na kujaribu, hata kama mkaguzi amesimama mlangoni.

Wakikwambia hayo ni ya kizamani, waambie Friedrich Fröbel alianza na watoto kule Ujerumani mwaka 1837 kwa mipira ya nyuzi na vipande vya mbao, na Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907 kwenye mtaa wa maskini, San Lorenzo. Hakuna aliyekuwa na betri.

Hisabati vivyo hivyo. Panga visoda 7 mstari mmoja, na vingine 7 chini yake. Mtoto wa miaka 5 atakwambia viko sawa. Mbele ya macho yake utawanye mstari wa chini uwe mrefu, uliza tena. Wengi watasema wa chini vimezidi, hata wale wanaoimba moja mpaka mia bila kukosea. Jean Piaget, Mswisi, aliyaeleza haya zamani. Usimkaripie. Mwache asogeze visoda mwenyewe, kimoja kwa kimoja, leo, kesho na wiki ijayo. Kuimba namba si kuhesabu.

Angalizo: korosho zenye maganda usizipeleke darasani, mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, na watoto wetu wanapenda kubangua kwa meno. Kunde na mbegu ndogo pia hapana, nimeshakimbia zahanati na mtoto mwenye kunde puani. Maji ukimaliza yamwage palepale, usiache beseni limejaa hata dakika moja.

Wapigie leo, tafadhali. Kama moyo bado unataka roboti, zangu mbili zipo. Pita Mikindani uchukue bure, na bisibisi nitakupa. Betri nimeshatoa. Wale wa miaka 6 wape wazifungue mpaka msumari wa mwisho wa parafujo, waone gurudumu linazungushwa na nini. Ndiyo kazi pekee ya maana zilizowahi kufanya kwangu.