Muulize Mwalimu: Kwa nini Kilkenny ni jiji?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mkenya, natunza wazee hapa Kilkenny, Ireland. Mji huu wote unauzunguka kwa miguu asubuhi moja ukaumaliza, lakini ukiuita mji, wenyeji wanakukosoa papo hapo: hili ni jiji! Kwetu Nakuru tulikuwa zaidi ya nusu milioni ndipo tukapewa hati, mwaka 2021. Rafiki yangu anakaa Drogheda, ambako ni kukubwa kuliko huku, na bado ni mji tu. Wengine wananiambia ni kwa sababu ya kanisa kuu. Ni kweli?
Msomaji, Kilkenny

JIBU: Marahaba, mwanangu. La kanisa kuu si sheria. Kilkenny inayo mawili, St Canice's la Waanglikana na St Mary's la Wakatoliki, lakini Tuam na Sligo nazo zina mawili mawili na zimebaki miji.

Wala hawahesabu vichwa. Sensa ya 2022 iliikuta Kilkenny na watu 27,000 na ushee, Drogheda 44,000. Kilichoitenga Kilkenny ni hati ya Mfalme James I ya mwaka 1609, iliyoifanya jiji. Drogheda ni kongwe na ina watu, na wapo wakazi wake wanaodai hadhi hiyo hadi leo. Siwalaumu hata kidogo.

Hati hiyo nusura ifunikwe. Sheria ya serikali za mitaa ya 2001 iliyataja majiji matano: Dublin, Cork, Limerick, Galway na Waterford. Kilkenny ikawekwa na manispaa, kundi moja na Drogheda, Sligo, Clonmel na Wexford. Lakini humo humo kikaingizwa kifungu kinachoitaja kwa jina, kwamba sheria hiyo haiizuii Kilkenny kuendelea kuitwa jiji kama ilivyozoeleka. Mwaka 2014 hata baraza la manispaa likavunjwa, kazi zikaenda kwa baraza la kaunti. Hata hivyo eneo lake la utawala bado lina neno jiji katika jina lake, na madiwani wake huchagua meya.

Mimi naona wenyeji wako wana haki. Kati ya 1642 na 1649 Wakatoliki walioasi waliunda serikali yao, na makao yake yalikuwa hapo Kilkenny. Sehemu kubwa ya Ireland ilitawaliwa kutoka mitaa hiyo unayopita ukienda kazini. Watu wenye historia hiyo hawawezi kukubali jina lao lifutwe kwa sababu ya hesabu za sensa.

Na jina likipotea, kulirudisha ni shughuli. Armagh, huko Ireland ya Kaskazini, ilipoteza hadhi ya jiji baraza lake lilipovunjwa mwaka 1840. Ilirudishiwa 1994 na Malkia Elizabeth II, na hadi leo watu wake hawafiki 20,000.

Ukipata siku ya mapumziko, nenda High Street ulitazame jengo la Tholsel, la mwaka 1761, ambalo bado ni ukumbi wa jiji. Kisha vuka kijito cha Breagagh uende St Canice's. Ng'ambo hiyo ni Irishtown, na kwa karne nyingi ilikuwa na utawala wake yenyewe, mbali na ule wa upande wa pili.