Maswali ya Wasomaji: Jukwaa la Mijadala Linaisaidiaje Blogu Kuonekana?

Barua nyingi zilizoifikia safu hii zimetoka kwa watu wanaoandika blogu na wanaotaka zionekane juu katika matokeo ya utafutaji. Nimechagua nne zinazogusa majukwaa ya mijadala, na jibu la kwanza nimelirefusha kwa makusudi kwa sababu mengine yote yanalitegemea.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandika blogu kuhusu ukarabati wa baiskeli. Niliambiwa kwamba kila kiungo kinachoelekea kwenye blogu huiongezea hadhi mbele ya Google, kwa hiyo nimejisajili katika majukwaa mengi na kuweka anwani ya blogu yangu kwenye wasifu na kwenye saini inayojitokeza chini ya kila chapisho langu. Mbona nafasi yangu haijasogea hata kidogo? Na je, niviondoe viungo hivyo kabla havijaniletea adhabu?

JIBU: Ndugu msomaji, ushauri uliopewa haukuwa uongo mtupu, ni ushauri uliopitwa na wakati. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza njia ya kuupima ukurasa kwa viungo vinavyouelekea, njia waliyoiita PageRank. Kila kiungo kilihesabiwa kama kura, lakini kura hizo hazikuwa na uzito sawa: kura ya ukurasa ambao wenyewe umepigiwa kura nyingi ilikuwa na nguvu zaidi, na ukurasa uliotoa viungo vingi uliigawa nguvu yake miongoni mwa vyote. Watu waliishika sehemu ya kwanza ya maelezo hayo wakaisahau ya pili, na wakaanza kumwaga anwani zao popote palipokuwa na nafasi ya kuandika. Majukwaa ya mijadala, ambako karibu kila mtu anaweza kujisajili na kuchangia, yalikuwa miongoni mwa yaliyoumia mapema.

Januari 2005 Google, Yahoo na MSN zilikubaliana kuitambua alama ya nofollow, ambayo mwenye tovuti huiweka ndani ya msimbo (code) wa kiungo ili kuujulisha mtambo wa utafutaji kwamba yeye hakidhamini kiungo hicho. Programu nyingi za kuendeshea majukwaa sasa huiweka alama hiyo zenyewe kwenye viungo vya wanachama. Septemba 2019 Google iliongeza alama mbili, yaani ugc kwa maandishi ya watumiaji na sponsored kwa viungo vilivyolipiwa, na ikatangaza kwamba zote tatu itazichukulia kama dokezo badala ya amri. Wapo waliolisoma tangazo hilo kama mlango uliofunguliwa upya. Mimi silisomi hivyo, kwa kuwa dokezo lenyewe bado linasema kwamba kiungo hakina mdhamini, na sioni kwa nini mtambo ulipuuze kwa ajili ya saini ileile inayojirudia chini ya mamia ya machapisho. Tena ukurasa wa wasifu kwa kawaida hautajwi na ukurasa mwingine wowote wenye uzito, na majukwaa kadhaa huuficha kwa wasiojisajili au huzizuia programu za mitambo ya utafutaji zisiusome kabisa.

Kuhusu adhabu, masharti ya Google dhidi ya taka (spam) yanataja waziwazi, miongoni mwa mifano ya viungo vya hila, michango ya majukwaani iliyopachikwa viungo vyenye maneno ya utafutaji ndani ya chapisho au ndani ya saini. Aprili 2012 kampuni hiyo ilitoa badiliko lililoitwa Penguin, ambalo liliziporomosha tovuti zilizojengwa juu ya viungo vya namna hiyo. Tangu Septemba 2016 Penguin imekuwa sehemu ya mfumo wake mkuu, na kazi yake zaidi ni kuvinyima thamani viungo vibaya kuliko kuishusha tovuti nzima. Kwa hiyo usikeshe ukifuta saini. Ikiwa saini yako inaonyesha jina la blogu tu, iache; ikiwa umeandika mfululizo wa maneno uliyotaka upatikane kwayo, yabadilishe yawe jina la blogu. Chombo cha kuvikana viungo, yaani cha kuiomba Google isivihesabu, kilichotolewa Oktoba 2012, kinawafaa zaidi watu waliokwisha kupokea taarifa ya adhabu ndani ya Search Console, huduma ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti hali ya tovuti yake katika utafutaji, au wanaojua kwamba walinunua viungo kwa wingi. Na akitokea mtu wa kukuuzia kifurushi cha viungo elfu moja vya majukwaani, mwache na kifurushi chake.

Faida ya jukwaa iko kwingine, nayo huja kwa kuzunguka. Baadhi ya watu wanaosoma majibu yako wana blogu, jarida au tovuti zao. Anayekuona ukieleza kwa subira, mara kwa mara, kwa nini mnyororo mpya unateleza juu ya meno yaliyochakaa, siku moja atahitaji maelezo hayo katika maandishi yake mwenyewe na atakutaja. Kiungo hicho kimetolewa kwa hiari na mtu mwenye wasomaji wake, ndani ya aya inayozungumzia jambo lilelile, na hicho ndicho PageRank ilikusudia kukihesabu tangu mwanzo. Huwezi kukiagiza wala kukipangia tarehe. Unachoweza ni kuwa mtu anayestahili kutajwa na kuhakikisha kwamba blogu yako ina ukurasa mmoja ulio kamili kuhusu jambo hilo, ili anayetaka kukutaja asikose pa kuelekeza.

SWALI: Blogu yangu ni ya upigaji picha. Nimesikia kwamba majukwaa hufaa kwa kutafuta mada za kuandika, lakini kila nikiingia nakuta maelfu ya nyuzi, yaani mijadala yenye swali na majibu yake, na sijui nianzie wapi. Nifanyeje?

JIBU: Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu wanaoweka viungo ni wengi na wanaosoma ni wachache.

Anza na vichwa vya nyuzi kabla ya majibu yake. Mwenye ujuzi huandika makala yenye kichwa kama "Kuelewa kasi ya shata", yaani muda ambao kamera huacha mwanga uingie, ilhali mwenye shida huuliza, "Mbona picha ninazopiga ndani ya nyumba zinatoka na ukungu wakati za nje ni safi?" Wote wawili wanazungumzia jambo moja, lakini wa pili ndiye atakayeandika kwenye kisanduku cha utafutaji, na ataandika dalili anayoiona kwa sababu jina la chanzo bado halijui. Kusanya maswali ya namna hiyo kama yalivyoandikwa, pamoja na makosa yake, na utaona jinsi machache yanavyorudi tena na tena kwa sura tofauti. Yanayorudi ndiyo mada zako. Kisha angalia swali la nyongeza ambalo mwulizaji huulizwa karibu kila mara kabla ya kujibiwa: lenzi gani, mwanga gani, je, kamera ilikuwa mkononi au juu ya miguu mitatu? Makala inayojibu pia maswali hayo ya nyongeza, kwa mpangilio, humwokolea msomaji safari nzima ya kwenda na kurudi ndani ya uzi.

Zitazame kwa makini zaidi nyuzi za aina mbili. Ya kwanza ni ile yenye majibu mengi yasiyokubaliana, kwa kuwa hapo pana nafasi ya mtu kujaribu mwenyewe na kuonyesha picha za matokeo. Ya pili ni ile ambayo jibu lake lilikuwa sahihi zamani, lakini vifaa au programu zimebadilika na hakuna aliyerudi kulirekebisha. Uzi wa jukwaa una udhaifu wa kudumu: ukweli hukaa katika mchango wa arobaini huku msomaji akichoka kwenye wa saba. Makala yako inaweza kuuweka ukweli huo mwanzoni.

Ukishapata swali, litafute wewe mwenyewe uone kinachotokea. Zamani tulisema kwamba matokeo yakijaa nyuzi za majukwaa, basi hakuna makala nzuri iliyoandikwa na nafasi iko wazi. Siku hizi kipimo hicho kinahitaji tahadhari. Tangu mwaka 2022 Google imekuwa ikionyesha sehemu maalumu ya mijadala na majukwaa kwa baadhi ya maswali, na Februari 2024 ilitangaza makubaliano na Reddit ya kupata maandishi ya jukwaa hilo. Kwa hiyo uzi unaweza kuwa juu kwa sababu mtambo unaamini kwamba mwulizaji anataka kusikia watu waliopitia jambo hilo. Mwongozo ambao Google huwapa wakaguzi wake wa ubora, watu wanaotathmini matokeo ya utafutaji, uliongezewa kigezo cha uzoefu wa mwandishi Desemba 2022, na ukitaka makala yako isimame kando ya uzi wa namna hiyo, uzoefu wako lazima uonekane ndani yake. Onyesha picha zako, vipimo ulivyoviweka kwenye kamera, na pia lile jaribio ambalo halikufaulu.

Baada ya wiki kadhaa za kuchapisha, fungua ripoti ya utendaji ndani ya Search Console. Itakuonyesha maneno yaliyotumiwa na watu walioiona blogu yako kwenye matokeo, na data yake hurudi nyuma hadi miezi 16. Yalinganishe maneno hayo na maswali uliyoyakusanya. Ukurasa unaoonekana mara nyingi lakini haubofywi pengine una kichwa kinachozungumza lugha ya fundi badala ya lugha ya mwulizaji.

Jambo moja la adabu ambalo ni la sheria pia: swali la mtu linaweza kukupa mada, lakini majibu ya wengine si mali yako ya kunakili. Ukichukua hoja ya mchangiaji, itaje na uelekeze kiungo kwenye uzi wake.

SWALI: Huwa nainakili makala yangu nzima na kuibandika jukwaani kama jibu, nikiweka kiungo mwishoni. Rafiki ananishauri pia nifungue akaunti ya pili, niulize swali kwa akaunti hiyo, kisha nilijibu kwa ile ya kwanza. Unasemaje?

JIBU: La akaunti ya pili, usifanye. Wasimamizi wa majukwaa wamezoea kuiona hila hiyo, huitambua kwa mtindo wa uandishi na kwa alama za kiufundi, na wakikufungia wanaweza kuizuia anwani ya blogu yako isiandikwe tena na mwanachama yeyote, hata yule ambaye angekutaja kwa nia njema.

Kunakili makala nzima kuna hasara nyingine. Mtambo wa utafutaji ukikuta maandishi yaleyale katika kurasa mbili, kwa kawaida huchagua moja ya kuonyesha, na hakuna hakika kwamba utachagua yako. Jukwaa kubwa lenye viungo vingi lina nafasi nzuri ya kuishinda blogu changa kwa maneno ya blogu yenyewe. Andika jukwaani jibu fupi linalomtosha mwulizaji yule na hali yake, kisha, ikiwa kanuni za jukwaa zinaruhusu, taja kwamba maelezo marefu yenye picha yako kwenye blogu yako, na useme wazi kwamba blogu ni yako. Usiandike nusu ya jibu ili kumlazimisha mtu abofye. Wasomaji wa majukwaa hulichukia jambo hilo kuliko tangazo la waziwazi.

SWALI: Badala ya kuhangaika kwenye majukwaa ya wengine, je, nifungue jukwaa langu ndani ya blogu ili kurasa ziongezeke?

JIBU: Ikiwa sababu ni kurasa kuongezeka, jibu langu ni hapana. Jukwaa lisilo na watu huzalisha kurasa tupu, na uwingi wa kurasa zisizo na kitu hauisaidii tovuti yoyote. Jukwaa lenye watu, kwa upande mwingine, ni hazina: wanachama huuliza kwa maneno yao wenyewe, hujibizana, na huzalisha kurasa ambazo mwandishi mmoja asingeweza kuziandika. Novemba 2023 Google ilianza kutambua alama maalumu za data kwa ajili ya kurasa za mijadala, zinazoueleza mtambo nani kaandika, lini, na mchango upi ni wa kwanza. Programu kadhaa za majukwaa huziweka alama hizo bila mwenye tovuti kuandika msimbo.

Gharama yake ni muda. Taka zinazoandikwa na watumiaji huhesabiwa juu ya tovuti inayozihifadhi, na masharti ya Google yanazitaja kwa jina. Utahitaji kukagua michango ya kwanza ya kila mwanachama mpya kabla haijaonekana, kuweka alama ya ugc kwenye viungo vyote vya wanachama, kuzuia kurasa za wasifu zisiingie kwenye faharasa ya mtambo wa utafutaji, yaani orodha ya kurasa unazoweza kuzionyesha, na kuzifunga nyuzi za zamani ambazo zinavutia wauzaji peke yao. Kama leo hupati muda wa kujibu maoni yaliyo chini ya makala zako, anza na hayo. Siku maoni chini ya makala moja yatakapokuwa yanajibiwa na wasomaji wenyewe kwa wenyewe kabla hujafika, hapo ndipo utakuwa na watu wa kuwafungulia jukwaa, na wawili watatu kati yao ndio utakaowaomba wawe wasimamizi.