Maswali ya Wasomaji: Mafuta Yakifika Kwenye Kizimba

SWALI: Shikamooni. Nafuga ngege kwenye vizimba Ziwa Tanganyika, upande wa Katonga. Boti zikivujisha dizeli, utando unaletwa na upepo hadi kwangu. Wenzangu humwaga sabuni ya unga ili upotee. Je, ni sawa? Na nitajuaje kama samaki wanafaa kuuzwa?
Mfugaji, Kigoma

JIBU: Marahaba. Tunakuomba sana, sabuni iacheni. Haiondoi mafuta, inayavunja tu yawe matone madogo yanayochanganyika na maji na kuingia kwenye matamvua ya samaki. Utando ukibaki juu, samaki aliye chini ana nafuu. Ukishavunjwa hana pa kukimbilia, wavu umemfunga. Dizeli ikiachiwa jua na upepo, sehemu yake kubwa hugeuka mvuke ndani ya siku chache.

Usiupime utando kwa upana wake tu, angalia na rangi. Lita 1 ya mafuta yaweza kutanda mita za mraba 10,000 kama utando mwembamba wa rangi ya fedha. Ukiona rangi za upinde wa mvua, utando ni mnene zaidi. Ukiona kahawia au nyeusi, ni hatari kubwa.

Siku hiyo hiyo acha kulisha. Chakula kinachoelea hulowa mafuta na samaki hukimeza, tena samaki aliyeshiba huhitaji oksijeni zaidi wakati matamvua yake yameshaumia. Kama kuna waliofikia uzito wa soko na utando bado uko mbali, vua mapema.

Kizuizi unaweza kukitengeneza mwenyewe. Chukua wavu wa dagaa uliochakaa, ukunje mara mbili, ushone uwe kama mfuko mrefu wenye upana wa sentimita 20, kisha ujaze sufi kavu. Sufi hunyonya mafuta na kukataa maji. Pamba ya kawaida hulowa na kuzama. Funga maboya kila baada ya mita moja, na chini ning'iniza turubai la sentimita 40 lenye mawe madogo kwenye pindo. Lisizidi hapo, maji safi yapite chini yake. Zungusha kizimba ukiacha nafasi ya mita moja hivi kati yake na kizuizi.

Vizuizi vingi hushindwa kwa sababu ya mkondo. Tupa kijiti majini: kikisafiri mita 10 kabla ya sekunde 30 kuisha, mafuta yatapita chini ya turubai hata ulifunge vizuri namna gani. Hapo usikikingamize kizuizi na mkondo, kilaze kwa mshazari ili mafuta yateleze kuelekea ufukweni, yachotwe. Sufi ikilowa ibadilishe. Ya zamani iwekwe kwenye pipa lenye mfuniko, isitupwe wala kuzikwa ufukweni. Wavu wa kizimba wenye mafuta usiufulie ziwani.

Kuhusu kuuza: pika samaki wawili watatu kwa maji matupu, bila chumvi wala ndimu, pamoja na samaki wa eneo safi. Wape watu watano wanuse na kuonja bila kujua yupi ni yupi. Harufu ya dizeli ikisikika, usiuze. Subiri maji yasafike, urudie baada ya wiki moja. Jaribio hili ni la ladha tu, halionyeshi sumu zote, kwa hiyo toa taarifa BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha ufukweni kwenu) na kwa ofisa uvuvi tangu siku ya kwanza. Chanzo kikiwa meli, wahusika ni TASAC (shirika la serikali la mambo ya meli) na NEMC (baraza la taifa la mazingira).

Mayai na vifaranga ndio huumia kwanza. Kifaranga wa dagaa mwili wake unapitisha mwanga, na baadhi ya kemikali za mafuta huzidi ukali zikipigwa na jua.

SWALI: Kwa nini ajali ya meli ya mafuta ikitokea baharini, wafugaji wa chaza huzuiwa kuuza muda mrefu kuliko wavuvi wa samaki?
Mwanafunzi, Tabora

JIBU: Chaza na kome hula kwa kuchuja maji, chaza mkubwa hata zaidi ya lita 100 kwa siku, na hawawezi kuhama. Ini la samaki huvunja kemikali za mafuta upesi; chaza uwezo huo anao kidogo sana, basi hubaki nazo mwilini. Anaweza kufunga gamba, ila kwa muda tu. Tena kuna tope: meli ya mafuta Amoco Cadiz ilipokwama Bretagne, Ufaransa, Machi 1978 na kumwaga takriban tani 220,000, mafuta yaliingia kwenye tope la mashamba ya chaza, na kwa miaka iliyofuata yaliendelea kutoka humo kidogo kidogo.