Kutafuta Nambari Tasa Pacha kwa Kompyuta

SWALI: Salamu alaikum, Mwalimu. Nimeandika programu kwa lugha ya Python ya kutafuta nambari tasa pacha, yaani jozi za nambari tasa (zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe) zinazopishana kwa mbili, kama 11 na 13. Programu hujaribu kuigawanya kila nambari kwa zote zilizo chini yake. Hadi 1,000 huenda vyema, lakini nikitaka ifike 1,000,000 hukawia mno. Je, ninunue kompyuta mpya?
Mwanafunzi, Kisauni, Mombasa

JIBU: Waalaikum salaam. Usinunue chochote, kwani kasoro imo katika mbinu. Programu yako huipima kila nambari upya, kana kwamba haikujifunza lolote kutokana na zilizotangulia. Tumia chekeche la Eratosthenes, mtaalamu wa kale aliyesimamia maktaba ya Aleksandria nchini Misri. Andaa orodha yenye nafasi kuanzia 0 hadi 1,000,000, zote uzijaze True (yaani huenda ni tasa), kisha 0 na 1 uzifanye False (si tasa). Chukua 2 ufute vigawe vyake, yaani uvifanye False, kuanzia 4. Chukua 3 uanze kufuta kwenye 9, kwa kuwa 6 imekwisha kufutwa na 2. Na uendelee hivyo kwa kila nambari iliyosalia hadi ufikie 1,000. Hapo usimame, maana nambari yoyote isiyo tasa iliyo chini ya milioni ina kigawanyo kisichozidi 1,000.

Baada ya hapo pita orodha mara moja tu, ukiuliza kwa kila nambari p kama nafasi ya p na ya p+2 zote zingali True. P isivuke 999,998, ama sivyo utatoka nje ya orodha na programu itakatika.

Wapo watakaokushauri uanze na nambari zilizo jirani na vigawe vya 6. Ni kweli kwamba kila jozi huzunguka kigawe cha 6, isipokuwa 3 na 5, lakini kwa anayejifunza naona njia hiyo inaleta hitilafu kuliko faida.

Ili kuhakiki, chini ya 100 upate jozi 8, chini ya 1,000 upate 35, na chini ya 1,000,000 upate 8,169. Daima iwekee programu kikomo: hadi leo hakuna aliyethibitisha kwamba jozi hizi hazina mwisho, ingawa mwaka 2013 mwanahisabati Yitang Zhang alithibitisha kwamba jozi za nambari tasa zinazopishana kwa chini ya 70,000,000 hazina mwisho, na wenzake wakaiteremsha tofauti hiyo hadi 246.