Barua kwa mwanangu: nyumba isikae tupu

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Umeniandikia kwamba siku hizi unakwenda kanisani kama abiria wa daladala, unapanda na kushuka, na kwamba Jumanne usiku ulijikuta umefungua tena ule ukurasa wa kubeti kwenye simu, ukaufunga kabla hujaweka hela. Ukauliza: "Mama, nifanyeje nisirudi nyuma?" Nashukuru umeniuliza mimi, baba. Nami nakujibu kama mtu aliyewahi kurudi nyuma, jambo ambalo sijawahi kukusimulia.

Ulikuwa darasa la tano. Tulikosana kwenye kwaya juu ya michango ya sare, nikaona nimeonewa, nikajitoa. Baada ya muda nikaacha na jumuiya. Jumapili nilikwenda kama kawaida, sadaka nikatoa, Biblia nikaibeba, wala hakuna aliyejua. Sikulewa, sikuiba. Lakini mwaka haukuisha nikawa sisemi na shangazi yako kwa sababu ya mpaka wa shamba. Nikimwona kwa mbali njiani, nageuza. Usiku napiga magoti, maneno hayatoki.

Unalikumbuka shamba la jirani yetu wa ng'ambo ya njia, yule aliyehamia Mwanza? Hakuna mtu aliyeikata migomba yake. Ila hakubaki wa kuleta nyasi kutoka rweya, kule mbugani, na kuzitandaza, wala wa kupunguza machipukizi, wala wa kumwaga samadi. Mwaka wa kwanza migomba ilizaa vizuri tu. Wa pili mikungu ikapungua, ndizi nyembamba kama vidole vya mtoto. Wa tatu magugu yakafika kiunoni, na mgomba ukiusukuma kwa mkono mmoja unalala chini, kumbe fukusi wamekwisha kula shina. Mimi nilikuwa shamba lile.

Bwana Yesu alisimulia habari za pepo mchafu aliyemtoka mtu, kisha akarudi akaikuta nyumba "tupu, imefagiwa na kupambwa", akaenda kuchukua wengine saba wakaingia wote. Iko Mathayo 12. Miaka mingi nilidhani mwenye nyumba alikosea kuacha mlango wazi. Siku moja nikaona lile neno "tupu". Nyumba ilikuwa safi kabisa, haikuwa na mkaaji! Wewe uliacha kubeti, ukazifagia jioni zako. Sasa niambie kweli: kuanzia saa tatu usiku mpaka unalala, unafanya nini?

Aliyenirudisha mimi ni bibi mmoja wa Uamsho. Uamsho ule wa kiroho makanisani ulianzia Gahini, Rwanda, ukapita Uganda, ukaingia Karagwe na Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930, na wazee wake walipenda kusema "kutembea nuruni". Mtu akitubu, alirudisha hata jembe aliloiba. Basi bibi huyu alipopiga hodi nilijua nimekwisha, leo nitahubiriwa. Akaniambia: "Pale bondeni kuna mzazi amejifungua kwa kupasuliwa, hana wa kumchotea maji. Shika ndoo, twende." Nilichota maji siku kumi na mbili. Nilifua nepi za mtoto ambaye hata jina lake sikulijua. Siku ya nne au ya tano, nikiwa nimeinama kwenye beseni, mikono ina povu, nikasikia sauti yangu inamwombea yule mtoto. Sikuwa nimepanga kuomba. Nililia pale pale, povu na machozi. Jumamosi yake nikavuka mpaka wa shamba nikaenda kwa shangazi yako.

Usije ukadhani nakwambia wokovu unanunuliwa kwa ndoo za maji. Tumeokolewa kwa neema, na Paulo aliyewaandikia hivyo Waefeso anaendelea papo hapo kusema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Na kanisa hilo hilo la Efeso, lilipouacha upendo wake wa kwanza, liliambiwa nini katika Ufunuo? "Ukatubu, ukayafanye matendo ya kwanza." Halikuambiwa lisubiri mpaka moyo upate moto. Wewe unasubiri, mwanangu. Unasubiri uanze kusikia raha ya kuomba ndipo uingie kazini kwa Bwana, na huko kusubiri ndiko kunakokumaliza.

Hilo la Jumanne, mwambie ndugu mmoja wa jumuiya yenu, mwanamume mwenzako anayejua kutunza neno, kabla wiki haijaisha. Yakobo anasema tuungamiane dhambi na kuombeana, tupate kuponywa. Mimi nitakuombea, lakini niko Bukoba. Siwezi kukugongea mlango saa nne usiku. Yeye anaweza. Kusoma Neno asubuhi kabla hujashika simu sikufundishi, hilo unalijua tangu feloshipu ya chuo.

Halafu kuna jambo uliloliandika mwishoni kabisa, kama mtu anayepita tu: yule mzee wa jumuiya yenu ambaye swichi ya jikoni kwake inatoa cheche, akakuomba ukaitazame, ukasema hujapata nafasi. Wewe ni fundi umeme, baba. Nenda Jumamosi hii na vifaa vyako. Usiitengeneze ukakimbia, akikukaribisha chai, kaa unywe, mwulize habari zake, na kabla hujaondoka mwambie muombe pamoja, hata kama maneno ni mawili.

Ukitoka huko nipigie. Hata ikiwa usiku, sitakuwa nimelala.

Mama yako