Mtoto analia kila jioni, mama mkwe anataka ang'olewe ebinyo

"Shangazi, mtoto wangu ana wiki 5. Ikifika saa kumi na mbili jioni anaanza kulia mpaka saa nne, anakunja miguu, tumbo linakuwa gumu, ziwa analishika na kuliachia. Mchana ni mzima kabisa, ananyonya vizuri. Tunapanga chumba kimoja hapa Malaba, majirani wananisema. Mama mkwe anasema ni ebinyo, kesho kutwa anataka tumpeleke kwa mama mmoja anayeng'oa. Nimechoka. Nifanyeje?"

Mwanangu, pole sana, na kwanza kabisa kesho kutwa usiende popote. Hiyo ebinyo, wengine wanaita meno ya plastiki, ni mbegu tu za meno ya utotoni, yale ya chonge, zinaonekana nyeupe nyeupe chini ya fizi na kila mtoto anazo, wewe ulikuwa nazo na mama mkwe pia. Wanaozichimba wanatumia spoku ya baiskeli au kitu chochote chenye ncha, mtoto anavuja damu, anapata maambukizi, tetenasi, wengine wanakufa, na hata akipona meno yake ya ukubwani yanaweza kuota vibaya.

Sasa utaniuliza, mbona jirani aling'olewa mtoto wake akanyamaza? Hapo ndo utamu wa mambo. Hicho kilio unachonieleza tunakiita chango, kinaanza kama wiki ya pili au ya tatu, kinapanda mpaka karibu wiki ya 6 halafu kinashuka chenyewe, na kwa watoto wengi miezi 3 au 4 kimeisha. Kwa hiyo mtu anampeleka mtoto wiki ya 6, kilio kikiwa juu kabisa, wiki ya 8 kimepungua, basi sifa zote anapewa mng'oaji. Na gripwota, ile dawa ya maji ya tumbo la watoto, vilevile, hakuna ushahidi mzuri kwamba inatibu, ila ile ya zamani ya Uingereza ilikuwa na pombe ndani, si ajabu watoto walilala banange!

Madaktari tangu 1954 wana kipimo chao, mtoto mzima analia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3. Wako analia muda wa saa 4 kila jioni, anafanana na hao. Lakini kinachosababisha hasa hawajakubaliana mpaka leo, kwa hiyo usijilaumu eti maziwa yako ni mabaya.

Endelea kunyonyesha tu, usimpe maji wala dawa ya miti. Msaidie abeue kila akinyonya, mbebe kifuani umtegemeze shingo kwa mkono, tembea naye nje kukiwa na upepo, mwogeshe maji ya vuguvugu. Kuna siku havitasaidia hata kimoja, ndo chango hicho. Ukisikia hasira zinapanda, mlaze chali mahali salama, toka nje dakika chache upumue, alie. Usimtikise kamwe, ubongo wake unaumia na unaweza kumuua.

Ila akiwa na joto la 38 au zaidi, akitapika kijani, akiwa na damu kwenye choo, akikataa kunyonya hata mchana, akiwa mlegevu, au kilio kimebadilika na kuwa chembamba cha ajabu, hiyo si chango, panda bodaboda hata usiku nenda kituo cha afya. Na hata bila hayo nenda wiki hii wampime uzito, ukiwa unaongezeka utalala kidogo.

Kuhusu mama mkwe, usibishane naye. Mwombe aende na wewe kwa nesi ayasikie kwa masikio yake, halafu mpe zamu ya kumbeba mjukuu kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa mbili, wewe ulale.