Buluu iliyofifia si tatizo, tatizo ni hivyo vipande vya fumbo

SWALI: Nina miaka 31, naishi Arua. Mwaka jana ndipo daktari aliponiambia nina usonji (autism). Natengeneza kitabu kidogo kuhusu utoto wangu katika shule ya bweni: kelele, taa, kuitwa mwenye kiburi. Ripoti zangu zote za shule ninazo. Jaladani nimeweka vipande vya fumbo la picha vya rangi ya buluu, na ndani kila ukurasa una herufi zilizopindapinda. Sampuli niliyochapiwa Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, imetoka na buluu iliyofifia. Nirekebisheje?

JIBU: Dada yangu, buluu ni jambo dogo. Umeichagua kwa rangi za skrini. Badili faili liwe la rangi nne za uchapaji, kisha udai sampuli kwenye karatasi ileile itakayotumika. Mng'ao wote hautarudi, kwa sababu wino hauwaki kama skrini.

Kinachoniudhi ni vile vipande. Kila Aprili 2, siku ya usonji duniani, inapokaribia naletewa mabango ya namna hiyo, yamenakiliwa kwenye intaneti, na kila mwenye bango anaapa kwamba ndiyo nembo ya usonji. Alama hiyo ilizaliwa London mwaka 1963, katika chama kilichoanzishwa na wazazi, na katikati yake palikuwa na mtoto anayelia. Ni jicho la mzazi lililomchora mtoto. Watu wengi wenye usonji wameikataa, wakachukua alama ya kutokuwa na mwisho (∞) yenye rangi za upinde wa mvua.

Wewe huhitaji hata hiyo, maana una ripoti. Zipige skeni kwa nukta 600 kwa inchi, ili kalamu nyekundu ya mwalimu ionekane ilivyokwaruza karatasi. Panga maoni ya kila muhula katika safu moja, yakifuatana kwenda chini: "mkimya mno", "achangamke", "ana kiburi". Kando yake acha safu tupu yenye upana uleule, ukurasa baada ya ukurasa, hadi mwaka ulipopimwa usonji. Msomaji ataona mwenyewe kwamba walimu wote waliona, ila walikosea jina.

Kelele nayo usiipindie herufi kila mahali. Mwenye usonji mwenzako atakifunga kitabu. Mpe kurasa tulivu, herufi za pointi 11, pambizo pana. Halafu kengele ya bweni ipasue kurasa mbili nzima.

Na hili ni kwa wote wanaochapisha mabango haya. Ukimchora mtu kama picha iliyokosa kipande, atatokea wa kumuuzia kipande hicho. Agosti 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya watu wasinywe klorini dioksidi, kemikali ya kupaushia iliyokuwa ikinadiwa, pamoja na mengine, kuwa inatibu usonji. Usonji hauna dawa ya kuuondoa, iwe ya chupa, ya mizizi au ya kufukizwa. Mzazi mwenye wasiwasi aende kwa wataalamu wa watoto, hospitali ya Mulago au ya Butabika mjini Kampala, na wachapaji mkatae kazi ya yeyote anayetaka bango la "tiba" lenye namba yake ya simu chini.